Hodi Mbele ya Leso

Chumba chetu kina urefu wa mita 4.2 na upana wa mita 3.6. Nilikipima usiku wa kwanza, wenzangu wakiwa bado hawajafika, kwa tepu ya chuma niliyonunuliwa na mjomba nilipopata nafasi ya kusomea usanifu wa majengo. Vitanda viwili vya dabodeka, futi tatu kwa sita. Makabati manne membamba. Meza moja chini ya dirisha. Pangaboi moja katikati ya dari. Nikapiga hesabu ya sakafu inayobaki, nikapata karibu mita kumi za mraba kwa watu wanne, nikaona si haba.

Sikuwa nimehesabu mitungi. Maji ya mfereji hapa kisiwani Mombasa hayana siku maalumu, na kila mmoja wetu ana mitungi miwili ya lita 20 inayojazwa na kijana wa mkokoteni. Mitungi minane. Ongeza ndoo nne, viatu, mabeseni, na jiko dogo la gesi ambalo msimamizi hajui liko. Kufikia wiki ya pili mtu akitaka kwenda dirishani, mwingine alilazimika kupandisha miguu kitandani.

Mimi ni mtu wa Msambweni. Hosteli yetu iko Tudor, ghorofa ya tatu, na wenzangu watatu nitawaita kwa makwao: wa Taveta, wa Hola na wa Kisumu. Majina yao ni yao.

Kulala na watu si jambo geni kwangu. Kwa nyanya tulikuwa watoto saba kwenye mikeka miwili, na sekondari nimelala miaka minne katika bweni ambalo ukigeuka unapumuliwa usoni. Ndiyo maana nilishangaa nilipoanza kuumia. Haikuwa kelele. Wenzangu ni wastaarabu, wananyamaza nikisoma. Kilichonichosha ni kuonekana. Kuonekana nikiamka, nikila, nikihesabu pesa zilizobaki, nikisoma ujumbe kutoka nyumbani. Utotoni hakuna aliyekuwa ananitazama, sote tulikuwa kundi moja la miguu na vichwa. Sasa nina miaka ishirini na nina mambo ambayo bado sijayajua mwenyewe, nayataka niyaangalie kwanza kabla mtu hajaniuliza "mbona uso hivyo?"

Siku niliyoelewa ukubwa wa jambo hili ni siku mama aliponipigia kuhusu ugonjwa wa mjomba. Nilitoka na simu koridoni, kuna wawili wanafua. Nikashuka ngazi, kuna mvulana na msichana. Nikaenda mpaka langoni, askari akazima redio yake kwa adabu ili nisikie vizuri, na kwa kuizima akawa anasikia yeye kila neno. Mama akawa anauliza, "Mwanangu, mbona husemi? Umesikia?" Nilikuwa nimesikia. Sikuwa na mahali pa kulia.

Wa Kisumu hana taabu hii. Simu yake ikilia hujilaza chali na kuzungumza Kijaluo, sauti juu, anacheka, anagomba, anasimulia siku nzima, na sisi watatu hatupati hata chembe. Lugha ni pazia lake. Nami nilidhani nina langu. Jioni moja nikamwambia dada yangu kwa Kidigo yote yaliyokuwa moyoni kuhusu mtu fulani darasani. Nilipokata simu, wa Hola akaniambia taratibu, bila kuinua macho kwenye kitabu, "Dada, nakuelewa zaidi ya nusu." Yeye ni Mpokomo. Kidigo na Kipokomo ni lugha ndugu, zimetoka tumbo moja na Kiswahili, nami nilikuwa nimelisahau hilo. Alinionya ili nisiendelee kujianika bila kujua. Ningepaswa kutambua zamani kwamba ndiye mwenye heshima kuliko sote mle chumbani.

Nikaanza kutafuta upweke mjini. Jumamosi moja nilikwenda bustani ya Mama Ngina, pale baharini, nikaketi chini ya mbuyu, nikitazama meli kubwa ikiingizwa bandari ya Kilindini. Upepo mzuri, kivuli kizuri. Lakini msichana akiketi peke yake hadharani, watu humwona kama aliyesahauliwa pale. "Dada, madafu?" "Dada, mihogo?" Hao ni wachuuzi, wanatafuta riziki. Kisha kijana: "Mbona peke yako?" Kisha mwingine, na swali lilelile. Mama mmoja mzima, kwa mapenzi kabisa, alikuja kukaa karibu nami ili nisionekane mpweke. Nilimshukuru, nikapanda tuktuk kurudi.

Mahali pekee pa wazi ambapo sijawahi kuulizwa ni kwenye feri. Ijumaa nikienda nyumbani navuka Likoni na mamia ya watu, bega kwa bega, baiskeli inanigusa goti, na hakuna anayesema na mwenzake. Wote wanatazama ng'ambo. Ni dakika chache tu, hata chai haipoi, lakini nimeshawahi kufika Likoni na uamuzi ambao nilishindwa kuufanya kwa wiki mbili chumbani. Sijui kwa nini msongamano wa feri unanipumzisha na wa chumba unanibana. Nadhani ni kwa sababu kwenye feri hakuna anayenijua, na wala hatanijua.

Chumbani, kitu cha kwanza kilichonipa nafasi kilikuwa mswala. Nikiutandika kati ya vitanda, upana wake hauzidi mikono miwili, lakini mtu hapiti mbele yangu. Wa Kisumu ni Mkristo, anaimba kwaya ya kanisa lao, na tangu wiki ya kwanza alijifunza kuzunguka, au kungoja juu ya kitanda chake mpaka nitoe salamu. Kitambaa kimoja sakafuni, na watu watatu wanakiheshimu bila kuambiwa mara mbili. Nilipomaliza Isha usiku mmoja nilibaki nimeketi palepale muda mrefu kuliko dua yangu, kwa sababu nilijua hapo sitasemeshwa. Kisha nikaona haya. Mswala si wa kujifichia.

Ndipo nikaenda Mtaa wa Biashara kununua leso.

Niliinunua jozi, sikuikata. Nyanya angenigombeza, maana leso hukatwa, ikapindwa, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Lakini nilishapima. Jozi isiyokatwa ina karibu mita tatu. Ubavu wa kitanda changu na upande wa miguuni, ukivijumlisha, havifiki mita 2.8. Na kwa vile nalala chini, nafasi kati ya godoro langu na kitanda cha juu ni kama mita moja, ambayo leso inaifunika na kubakiza kiganja cha kuchomeka. Nilipekua duka zima la leso nikichagua kwa hesabu, mpaka mwenye duka akaniuliza kama namnunulia bibi harusi. Niliyoipenda ilikuwa na pindo jekundu, mji mweupe wenye korosho, na jina: NYUMBA NJEMA SI MLANGO.

Tatizo la kwanza: leso huchomekwa chini ya godoro la juu, na godoro hilo ni la wa Kisumu. Ilibidi nimwombe ruhusa, na kila akijigeuza usiku ukuta wangu ulinidondokea usoni. Tukafunga kamba ya kuanikia nguo kwenye vyuma vya kitanda, tukatumia vibanio. Tatizo la pili lilikuwa joto. Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu mtu wa bara akisoma anaweza kudhani pazia ni pazia tu. Januari mpaka Machi, kaskazi ikififia, usiku wa Mombasa hauna tofauti na mchana ila giza. Pangaboi liko katikati ya dari. Upepo wake unashuka, unagonga leso, unarudi. Ndani ya pazia nililowa jasho mpaka shuka. Usiku wa tatu nilikuwa tayari kuing'oa.

Nilichofanya ni kukumbuka somo la hewa. Upepo hauingii mahali pasipo na pa kutokea. Nikageuza kichwa kikawa upande wa dirisha, nikainua leso kiganja kizima kutoka kwenye godoro, na upande wa miguuni nikaacha pembe moja wazi, ile inayotazama kabati na wala si mlango. Hewa ikapita. Si nyingi, lakini inapita, na mtu aliye chumbani haoni ila kivuli. Nilijivunia pembe ile kuliko mchoro wowote niliowahi kupewa alama.

Siku ya kwanza ya pazia wa Taveta alirudi, akasoma jina la leso kwa sauti, akalimalizia: "Fungua uingie ndani!" Akaifungua. Wote wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu ilichekesha. Methali yenyewe ilimpa ruhusa. Lakini usiku ule nililala nikiwa nimeishika leso kwa mkono.

Tulijaribu kanuni. Tuliketi wote wanne kwenye sakafu na viazi karai vya shilingi mia mbili, tukaandika karatasi: taa izimwe saa tano, simu zisilie, wageni wasikae juu ya kitanda cha mtu. Tukaibandika nyuma ya mlango. Ilidumu wiki moja na nusu. Kanuni ilimpa kila mmoja kitu cha kumshikia mwenzake, na tukawa tunagombana kuhusu karatasi badala ya jambo lenyewe. Wa Hola ndiye aliyeibandua, akaikunja, akaitia kwenye kabati lake. Hakuna aliyeuliza.

Kilichofaa nilikuwa nacho tangu utotoni. Nyanya yangu alitufundisha hodi kama watu wanavyofundisha kuogelea. Usisimame katikati ya mlango, simama kando, ili mlango ukifunguliwa jicho lako lisitangulie. Piga hodi. Ngoja. Piga ya pili. Ngoja. Ya tatu, kisha kama hakuna karibu, rudi ulikotoka, na usinung'unike. Chuoni kwa ustadhi tulikuja kuisoma katika Suratun-Nur: msiingie nyumba zisizo zenu mpaka muombe ruhusa na muwatolee salamu wenyewe. Na mbele yake, aya ya 58, nyakati tatu ambazo hata watoto wa ndani na watumishi huomba ruhusa kuingia: kabla ya swala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo, na baada ya swala ya isha. Nilipokuwa mdogo niliishika aya hiyo kwa moyo bila kuielewa. Kwa nini mtoto apige hodi kwa mama yake? Nimeielewa Tudor. Watu wa nyumba moja ndio wanaohitaji hodi kuliko mgeni, kwa kuwa mgeni atakwenda zake.

Mwezi Februari mwalimu wetu alitupeleka Mji wa Kale, tukaingia kwa Ndia Kuu, tukapewa nyumba ya kupima. Baraza ya nje kwanza, ya mawe, imelainika kwa kukaliwa. Mwenye neno dogo analimaliza hapo, haingii. Kisha mwalimu akatuchorea mpango wa nyumba ya mawe ya kale, kama zile za Lamu: daka, yaani kibaraza cha mlangoni, halafu unapinda ndipo ufike kiwandani, yaani ua wa ndani, halafu misana, vyumba virefu vyembamba, na mwisho kabisa chumba kinachoitwa ndani. Mlango unaweza kuwa wazi na mpita njia asione kitu, kwa sababu njia imepinda. Wenzangu walikuwa wanapiga picha. Mimi nilisimama pale kwenye pindo la njia, nikafikiria chumba chetu. Ukifungua mlango wetu unaona vitanda vyote vinne mara moja. Aliyekichora alihesabu vitanda tu.

Niliporudi niliwaeleza wenzangu habari ya nyumba ile, na habari ya nyanya. Sikuwaomba kitu. Wa Kisumu, akiwa juu kitandani kwake, aligonga chuma mara tatu akaniita, "Hodi huko ndani?" Tangu siku ile ikawa desturi. Kabla ya kugusa leso ya mtu, hodi. Kwa maana kufikia hapo yalikuwa mapazia manne. Wa Taveta alileta shuka lake la maua, wale wa juu wakafunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye makabati. Chumba kilionekana kama siku ya kuanika. Nilikipenda sana.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya niandike haya.

Ilikuwa Machi, mchana, saa saba hivi. Nilitoka darasani nimekaukiwa, simu imezima, na mama alikuwa ameahidi kupiga kunipa majibu ya hospitali ya mjomba. Chaja yangu ilikuwa kwa wa Hola, nilimwazima usiku. Leso yake ilikuwa imefungwa. Nilipanda ngazi ya kitanda, nikasema hodi huku mkono wangu tayari unavuta. Hodi ya namna hiyo si hodi.

Nilichokiona sitakiandika. Si aibu na si kosa, ni kitu chake tu, kitu alichokilinda miezi sita katika chumba cha watu wanne, kwa kuamka kabla yetu na kuoga baada yetu, na sisi tukadhani ni mtu wa mazoea tu. Nilifahamu yote hayo kwa mpigo mmoja, nikiwa nimeshika leso yake. Hakupiga kelele. Alinitazama, akaichukua leso mkononi mwangu, akaifunga taratibu. Nilibaki nimesimama kwenye ngazi. Baada ya muda mkono wake ukatokea chini ya pindo, umeshika chaja.

Mama alipiga. Mjomba alikuwa na nafuu. Nilimshukuru Mungu, na furaha yenyewe haikunishuka kooni.

Siku tatu hatukusemeshana zaidi ya salamu. Wale wengine hawakujua kuna nini, na hilo ndilo jambo pekee nililolifanya sawasawa, kwamba hawakujua. Usiku wa tatu tulibaki wawili. Nikasimama chini, kando, si mbele ya leso.

"Hodi."

Kimya. Nikangoja.

"Hodi."

"Karibu," akasema, lakini leso haikufunguka, nami sikuigusa.

"Niwie radhi."

"Kwa lipi?"

"Kwa mchana ule."

Alikaa kimya mpaka nikasikia pangaboi linavyolia kwenye msumari wake.

"Hukuona kitu," akasema. Hakuwa anauliza.

"Sikuona kitu."

Sijalizungumza na mtu mpaka leo, na leo nimelizungumza mpaka hapo tu. Yeye ameyasoma haya kabla yenu. Aliniambia niondoe sentensi moja, nimeiondoa.

Juu ya hosteli kuna paa la zege, na matangi meusi ya maji, na kamba za nguo. Kabla ya jua kuchomoza hakuna mtu. Tangu Oktoba hiyo ndiyo imekuwa saa yangu: naswali, napanda na kikombe cha chai ya rangi, naketi kwenye kona baina ya tangi la pili na ukuta mfupi. Unaona mkono wa bahari wa Tudor wote, mikoko ng'ambo, na taa za magari kwenye Daraja la Nyali. Nilikuwa sijamwambia mtu.

Wiki iliyopita nilipanda nikakuta kuna mtu kwenye kona yangu. Alikuwa amenipa mgongo, ameketi juu ya mtungi uliopinduliwa, amejitanda leso. Nilimjua kwa mabega. Mahali pale hapana mlango wala pazia, ni paa tupu na mbingu. Nikasimama mwisho wa ngazi, kando kidogo.

"Hodi."

Hakugeuka. Nikahesabu pumzi zangu. Nilikuwa nimeshajiandaa kushuka.

"Karibu," akasema.

Akausogeza mtungi. Nikaketi upande wa tangi, nikamkabidhi kikombe, akanywa, akanirudishia. Huko chini mtu alikuwa anasukuma mtumbwi kuelekea mikokoni, na bado hakujapambazuka vya kutosha kumwona uso.